Simu na mama inaishia "nipo tu". Nakosea wapi?

Kitindamimba:
Wadau, naomba mawazo. Mama ana miaka 78, baba alitangulia mwaka juzi, sisi watoto kila mmoja yuko mbali. Mimi ndiye ninayempigia, kila Jumapili bila kukosa. Ila simu yenyewe haifiki dakika tatu. Shikamoo mama. Marahaba. Umekula? Nimekula. Umemeza dawa? Nimemeza. Unaendeleaje? "Nipo tu." Halafu ananihimiza nisimalize vocha.

Jumapili iliyopita alidhani nimeshakata. Nikamsikia anajisemea, "Haya, mpaka wiki ijayo." Sauti ile haijanitoka masikioni. Hivi simu inaweza kweli kumpunguzia mtu upweke, au najidanganya?

Bi Mstaafu:
Mwanangu, mimi nina 71, nakujibu kutoka upande wa pili wa simu. Hayo maswali yako ni ya nesi wa zamu. Wangu naye alikuwa hivyohivyo, nikishasema "nimemeza" kazi yake imekwisha. Akabadilika siku aliyonipigia kuuliza doa la wino linatokaje kwenye shati. La doa tulilimaliza mara moja, tukaongea nusu saa. Mwombe mama yako msaada wa kitu. Mtu aliyelea watoto hapendi kugeuzwa mtoto.

Mpigaji Jumanne:
Mkuu, hujidanganyi. Mwaka 2020 huko Texas, Marekani, vijana wa miaka 17 hadi 23 walifundishwa kidogo tu kusikiliza, kisha wakapewa watu wa kuwapigia kwa wiki nne. Utafiti ulikuwa na watu 240, wengi wazee, nusu wakipigiwa na nusu wasipigiwe. Waliopigiwa walipungukiwa upweke, hata wasiwasi na sonona. Nilichokipenda ni kwamba baada ya wiki ya kwanza mwenyewe alichagua apigiwe mara ngapi, na mazungumzo aliyaongoza yeye. Simu nyingi hazikufika hata dakika kumi.

Mimi najitolea kupiga simu za namna hiyo, huu mwaka wa nne. Kuna mzee mmoja nampigia Jumanne saa nne asubuhi. Aliniambia siku hiyo huwa ananyoa ndevu kwanza. Simu ya sauti tu, simuoni wala hanioni! Kwa hiyo weka siku na saa, na usichelewe. Mara moja kwa wiki naona ni kidogo, dakika tano mara tatu zina faida zaidi.

Sikio la Kushoto:
Umewahi kujiuliza kama anakusikia? Uzeeni sauti nyembamba ndizo hutangulia kupotea, kama s, f na sh, na simu ya kawaida nayo huzikata zilezile. Mama yangu alikuwa akijibu "nipo tu" kwa swali lolote asilolisikia, kumbe ni ujanja wa kuficha aibu. Sema taratibu, usipige kelele, na usiongee ukiwa barabarani.

Bi Mstaafu:
Nyongeza. Akianza kukosa usingizi, kuacha kula, au kusema anawachosha watu, hapo usiishie kwenye simu. Apelekwe kwa daktari.

Kitindamimba:
Nimempigia leo Jumatano. Kitu cha kwanza: "Kuna nini? Nani amefariki?" Kumbe simu ya katikati ya wiki kwake ni ya msiba, nikajiona mjinga. Nikamwambia suruali yangu imefumuka pindo, nashona vipi? Akaniuliza rangi ya uzi. Akacheka namna ninavyoshika sindano, na hata hanioni. Akaingia kwenye habari za cherehani yake ya kwanza, ambayo sikujua hata kama iliwahi kuwepo. Dakika 19, na vocha haikutajwa.

Ni yeye aliyekata. "Kesho nipigie uniambie kama umeshika."

Sasa wakuu, suruali haijafumuka. Naenda kuifumua.