Nimechaguliwa BCom Fedha pale UDSM, mjomba anataka nikasome Uhasibu. Nishaurini wakuu

Mwana_Rungwe:

Habari za jioni wakuu, na wakubwa shikamooni.

Nimemaliza kidato cha sita, tahasusi EGM. Uchumi B, Jiografia C, Hesabu C. Dirisha la kwanza nimepata sehemu mbili: Shahada ya Biashara mchepuo wa Fedha katika Shule ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDBS), na Uhasibu kwenye chuo kingine cha serikali. Natakiwa nithibitishe sehemu moja kabla dirisha halijafungwa.

Moyo wangu uko Mlimani. Tatizo ni mjomba. Ni mhasibu wa halmashauri, ndiye aliyenilipia ada tangu kidato cha kwanza, na bumu (mkopo wa chuo) likichelewa ndiye nitakayempigia simu. Kauli yake ni kwamba Fedha ni kozi ya watoto wa mabosi, Uhasibu kila ofisi inautaka. Sina jibu la kumpa kwa sababu hata mimi sijui huko kwenye Fedha wanasoma nini cha tofauti. Mwongozo wa TCU, tume ya vyuo vikuu, unanionyesha majina ya kozi na sifa za kujiunga, basi.

Waliopita njia hii naomba mniambie: kinachofundishwa ni nini hasa, hesabu zake zinatisha kiasi gani kwa mtu wa C, na ukimaliza unaajiriwa kama nani?

Kijiwe_Nongwa:

Kama bodaboda mwenye GPA. Karibu kijiweni dogo 😂

BintiMakame:

@Kijiwe_Nongwa kila uzi wa chuo unaleta bodaboda. Kama huna la kumsaidia mtoto wa watu, pita.

Mdogo wangu, nimesoma hapohapo, sasa niko benki kitengo cha mikopo. Kwanza mwambie mjomba kwamba mwaka wa kwanza wana BCom mnachanganywa. Kanuni za uhasibu, uchumi, hesabu za biashara, takwimu, sheria ya biashara. Wa Fedha, wa Uhasibu, wa Masoko, wote lekcha moja, na ukichelewa unasimama. Njia zinaanza kuachana mwaka wa pili.

Mhasibu anafundishwa kurekodi kilichotokea na kukitolea taarifa inayoaminika: kilichoingia, kilichotoka, kodi, ukaguzi. Mtu wa Fedha anachukua vitabu hivyohivyo anauliza habari za mbele. Mfano wa kazini kwangu: mteja anataka milioni 60 aongeze mashine ya kukoboa na kusaga. Ukifungua hesabu zake, faida ipo, tena nzuri. Lakini unga anawauzia shule za bweni kwa mkopo, zinamlipa wazazi wakishalipa ada, wakati mkulima anataka taslimu siku ya kushusha mzigo. Kwenye karatasi tajiri, mwezi wa sita mahindi yanapoingia hana hata ya mafuta ya lori. Ukimpa mkopo wa miaka mitatu wa mashine bila kuliona hilo pengo, ataila hela ya mashine kwenye mahindi na marejesho yatakwama mapema tu. Kuliona kabla hujasaini ndiyo kozi ya usimamizi wa fedha za biashara, na ndiyo inayonilipa mshahara.

Kwa hiyo usidhani kuchagua Fedha ni kuukimbia uhasibu. Asiyejua kusoma mizania huku anapata tabu kuliko huko.

Fundi_Mizania:

Mimi ni mhasibu na namtetea mjomba, maana humu kila mtu atamcheka kama mzee wa zamani.

Uhasibu una bodi. NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi, ipo kwa sheria tangu 1972, mitihani yake mikuu ni Mei na Novemba, na ukiwa na CPA(T), cheti chake cha mhasibu aliyethibitishwa, mwajiri haulizi ulisomea wapi. Fungua matangazo ya Sekretarieti ya Ajira uangalie sifa za Mhasibu Daraja la II, utaikuta CPA imekaa pale. Ripoti ya ukaguzi wa hesabu hauisaini bila usajili wa bodi, hata uwe na akili namna gani. Mtu wa Fedha hana mlango wa aina hiyo ulioandikwa jina lake. Anashindana na mchumi, mhasibu, hata mtu wa takwimu, kwa kiti kilekile.

Sisemi usiende. Nasema ukienda, kozi za hiari usichague kwa kusikia kwamba mwalimu fulani anatoa maksi. Beba za uhasibu uwezavyo: taarifa za fedha, gharama, kodi, ukaguzi. NBAA wanapoamua uanzie hatua gani wanaangalia ulichosoma. Tena waandikie mapema, usisubiri mahafali.

BintiMakame:

Hapo kwenye kozi za hiari nakuunga mkono mia kwa mia. Ila bodi zipo nyingine pia. Taasisi ya Mabenki, TIOB, ina CPB yake, cheti cha taaluma ya benki, na huku benki inahesabika.

Mwana_Rungwe:

Asanteni sana dada @BintiMakame na kaka @Fundi_Mizania. Na hesabu je? Ile C yangu niliipata kwa jasho.

MwakaWaTatu_Hill:

Niko hapo sasa hivi, mchepuo huohuo. Kama ulivumilia kalkulasi ya EGM, huku hukuti kitu kigumu kuliko kile. Kazi kubwa ni kipeo, asilimia, mfululizo na takwimu. Wanaoula sapu (mtihani wa marudio) wengi wanaangushwa na takwimu, kwa sababu wanakariri fomula bila kujua zinajibu swali gani. Wana tahasusi ya ECA (Uchumi, Biashara, Uhasibu) wanatuzidi kwenye uhasibu muhula wa kwanza, halafu takwimu zikianza mambo yanageuka. Kuna jamaa wa ECA nasoma naye, yeye ananifundisha leja, mimi namfundisha uwezekano. Tafuta wa namna hiyo wiki ya kwanza.

Excel anza kuigusa ukiwa nyumbani. Chuoni unaweza kupita kwa kalkuleta na karatasi, ila fildi (mafunzo kwa vitendo) wakikupa faili la marejesho la mwaka mzima utaumbuka. Na fildi yenyewe usingoje utaratibu wa chuo, peleka barua mwenyewe mapema. Benki zinajaa. Wenzangu waliopata SACCOS tuliwacheka, kumbe ndio walioshika kazi: mwenzangu alikaa kwenye kamati ya mikopo akisikiliza maombi, mimi benki nilikuwa napanga mafaili ya wateja.

Asaimenti za makundi ni janga. Watu kumi, anayeandika mmoja. Hilo hakuna wa kukusaidia.

KijanaWaKisumu:

Hapa Kenya mambo yako tofauti kidogo. Ukimaliza BCom ya Finance UoN (Chuo Kikuu cha Nairobi) ama kwingine, KASNEB, bodi yetu ya mitihani ya uhasibu, wako na CPA na pia CIFA, hiyo ya wachambuzi wa uwekezaji. Kwa hivyo huwezi sema mtu wa Finance hana cheti chake. Soko la hisa la Nairobi pia ni kubwa kuliko lenu, kwa hivyo wale wanataka kuwa wachambuzi wako na mahali pa kuenda. Pale Dar si ni kampuni chache tu?

Karani_Soko:

Ni chache, hatubishani. DSE, soko la hisa la Dar, ilianza biashara 1998 na hisa za kampuni ya TOL, NMB ikaja 2008, CRDB 2009, na mpaka leo kampuni hazifiki hamsini. Kijana akienda kusoma Fedha akiwaza atakaa mbele ya skrini sita kama kwenye sinema, mwambieni ukweli kwamba viti hivyo Dar ni vya kuhesabu. Nafanya kwa dalali wa soko la hisa na hata sisi ofisini hatujai basi dogo.

Lakini kinachosahaulika ni hatifungani za serikali, yaani karatasi za kuikopesha serikali kwa riba. Huko ndiko hela ilipo: mabenki, mifuko ya pensheni kama PSSSF na NSSF, bima, UTT AMIS (mifuko ya uwekezaji wa pamoja), na siku hizi hata walimu na manesi. Wote hao wanahitaji mtu wa kuwakokotolea. Nikupe swali moja, ndipo utajua kozi hii inafundisha nini.

Mwaka 2022 Benki Kuu ilishusha riba ya hatifungani mpya za miaka 20 kutoka asilimia 15.49 hadi 12.10. Chukua hatifungani ya zamani ya shilingi milioni moja. Inalipa mara mbili kwa mwaka, yaani 77,450 kila miezi sita. Tuseme imebakiza miaka 20 kamili na soko sasa linaridhika na 12.10. Anayetaka kuiuza aiuze bei gani? Si milioni moja tena, maana mpya za milioni zinalipa 60,500 tu. Ukikokotoa unapata karibu 1,253,000.

Aliyejua hilo hakuuza kwa bei ya usoni, ile milioni iliyoandikwa kwenye karatasi. Wapo waliouza.

Mwana_Rungwe:

Wakuu, nimempigia mjomba nikamsomea huo mfano. Kakaa kimya, nasikia anabonyeza kalkuleta. Halafu anasema 77,450 mara arobaini ni 3,098,000, na mwisho unarudishiwa milioni yako. Jumla zaidi ya milioni nne. Kwa nini mtu auze kwa 1,253,000? Anasema huyo karani wenu ni tapeli 😅

Karani_Soko:

😂 Mwambie mjomba shikamoo, na swali lake ndilo lekcha ya kwanza ya Fedha.

Hesabu yake ya kuzidisha ni sahihi kabisa. Kinachokosekana ni tarehe. Ile 77,450 ya miezi sita ijayo na ile ya mwaka wa ishirini amezijumlisha kama zimeingia siku moja. Ukitaka kupata 77,450 baada ya miaka 20 kwa riba hiyo ya 12.10 inayolipwa kila nusu mwaka, leo unahitaji kuweka kama 7,400 tu. Ndiyo thamani yake ya leo. Ya miezi sita ijayo, thamani yake leo ni kama 73,000. Na ile milioni ya mwisho, leo ni kama 95,400. Zishushe zote arobaini moja moja hivyo, ongeza na ya mtaji, utatua kwenye 1,253,000.

Kwenye Excel hiyo ni safu moja, dakika tano. Kuielewa ndiko kunakochukua muhula.

Fundi_Mizania:

Kwa haki ya Mungu na wahasibu tunaifanya hiyo, kwenye mikataba ya ukodishaji na mafao ya wafanyakazi. Ila nakiri wao wanaishi nayo.

MwakaWaTatu_Hill:

Na ndiyo inayorudi mpaka mwaka wa tatu. Mradi, hisa, kampuni nzima, mkopo wa nyumba, kila kitu wanakishusha kuwa thamani ya leo. Kinachobadilika ni ugumu wa kukisia hela zitakazoingia na riba ya kutumia. Hapo kwenye kuchagua riba ndipo wahadhiri wenyewe hubishana, na darasa linachangamka.

Mwana_Rungwe:

Nimerudi wakuu. Mjomba hajasema ndiyo wala hapana kuhusu chuo. Ameomba niwaulize mambo mawili. Moja, kama kweli mtu wa Fedha akibeba kozi za uhasibu anaruhusiwa kufanya CPA. Pili, eti mtumishi wa kawaida hizo hatifungani anazinunulia wapi, maana fedha yake imelala akaunti ya akiba.

Fundi_Mizania:

La kwanza: ndiyo, CPA haijafungiwa waliosoma Uhasibu peke yao. Kinachobadilika ni hatua ya kuanzia, na hilo ndilo nililokwambia uwaandikie bodi wakutazamie masomo yako.

Karani_Soko:

La pili: aende benki yake au kwa dalali mwenye leseni ya CMSA, mamlaka ya masoko ya mitaji, aseme anataka akaunti ya CDS ya hatifungani, ile inayotunza rekodi ya umiliki wake. Minada hutangazwa na Benki Kuu, na kiwango cha chini ni milioni moja. Kama hana haraka na kima kikubwa hakitaki, aangalie mifuko ya UTT kwanza.

Kijiwe_Nongwa:

Uzi wa kozi umegeuka mnada wa hatifungani. Hiyo akaunti ya CDS na bodaboda tunafungua?

Karani_Soko:

Unafungua, njoo na kitambulisho cha NIDA.

BintiMakame:

@Mwana_Rungwe hujathibitisha tu? Acha kuchati, ingia kwenye mfumo kabla haujaelemewa. Siku ya mwisho huwa haufunguki.