Naomba ushauri: MRI (kipimo cha picha kwa sumaku) ya ini baada ya dawa ya chuma yenye usumaku

Ndugu zangu, mama yangu mdogo, mgonjwa wa figo anayeishi Marekani, alidungwa ferumoksitoli, dawa ya upungufu wa damu iliyoundwa kwa chembe ndogo mno za oksidi ya chuma. Ninavyoelewa, chembe hizo huzunguka kwenye damu kwa muda, kisha humezwa na seli walinzi za ini, bandama na uboho, ambako chuma hutolewa polepole kutengeneza damu, figo hazizichuji. Maelezo ya dawa yanaonya kuwa usumaku wake unaweza kuvuruga picha za MRI hadi miezi 3, na sasa ameandikiwa MRI ya ini, palepale zinapojikusanya. Je, asubiri, au aulizie CT (kipimo cha picha kwa eksirei), ambayo haivurugwi, ingawa dawa ya rangi yenye iodini inayodungwa ili picha za CT zionekane vizuri nayo inatutia hofu kwa hali ya figo zake?