Kikundi cha wazazi, Kihesa mjini Iringa: mahindi ya shule kabla ya kikao cha Jumamosi

Baba Elisha: Kamwene wote. Ajenda ya Jumamosi ni mchango wa chakula. Naomba hesabu iwekwe humu mapema, maana wengi tutafika tumetoka moja kwa moja kazini. Kilo 24 za mahindi kwa mtoto zimetoka wapi? Na ile ruzuku ya serikali haihusiki?

Mwalimu Mstaafu: Kamwene. Ruzuku ya shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. 4,000 ni ya vitabu, 6,000 ndiyo inaingia akaunti ya shule, yaani 500 kwa mwezi. Tuna watoto 640, hivyo ni 320,000 kwa mwezi. Hiyo inunue chaki, karatasi za mitihani, kitasa cha mlango, bomba la choo. Ukigawa 6,000 kwa siku 194 za masomo unapata shilingi 31 kwa siku. Na Waraka wa Elimu Na. 3 wa 2016, uliofafanua elimumsingi bila malipo, umeacha chakula cha mtoto wa kutwa, sare na madaftari mikononi mwa mzazi.

Baba Elisha: Hapo nimeelewa, Mwalimu. Sasa kilo 24?

Mama Neema (katibu): Gramu 120 za mahindi kwa mtoto kwa siku, mara siku 194, ni kilo 23.3. Gramu 700 za juu ni za uchafu na mpukutiko. Maharage gramu 30, mwaka mzima kilo 5.8, tukasema 6. Mafuta gramu 5, lita 1 hivi kwa mwaka. Kwa watoto wote 640, siku moja inakula kilo 77 za mahindi na kilo 19 za maharage. Mwaka mzima ni kama magunia 149 ya kilo 100.

Mama Imani (nafaka): Katibu, naomba lisemwe wazi kwamba tunapima kwa KILO. Ndoo ya lita 20 ya mahindi makavu, ukiifuta juu, ni kilo 15 hivi. Ukiijaza kilemba inafika 17 au 18. Mmoja ataleta ya kufuta, mwingine ya kilemba, na wote wataandikwa "debe moja". Kwa watoto 640 hiyo tofauti ni zaidi ya magunia 12. Ndipo stoo inapoisha kabla ya wakati na watu wanaanza kumtazama mpishi vibaya bila kosa lake.

Mama Imani (nafaka): Na msikusanye Januari! Januari mzazi ana sare, madaftari, mbolea ya kukuzia, na mahindi sokoni yamepanda. Huku tunavuna Juni hadi Agosti. Kusanyeni katikati ya Julai hadi mwisho wa Agosti, mwaka wa chakula uanzie hapo. Mahindi yale yale yatamgharimu mzazi fedha kidogo kuliko Januari.

Baba Tumaini: Tatizo la Julai ni unyevu. Mwenye haraka ataleta mahindi hayajakauka.

Mama Imani (nafaka): Kweli, na gunia moja bichi linaharibu yaliyo jirani nalo. Mlangoni wekeni chupa ya kioo iliyokauka kabisa. Tia mahindi mpaka robo, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika moja, acha itulie. Chumvi ikishika ukutani mwa chupa, mahindi yarudi kuanikwa. Isiposhika, yapokeleni. Yenye ukungu au yaliyobadilika rangi yasipokelewe hata kama ni makavu, huenda yana sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, na kuchemsha hakuiondoi. Yatakayoliwa baada ya Desemba yaingie mifuko ya PICS, ile ya tabaka tatu, kila tabaka lifungwe peke yake. Chini chaga, na magunia yasiguse ukuta.

Dada Rehema (lishe): Naomba maharage yasipunguzwe kikao kikianza kuvutana. Mkoa wetu unalisha wengine, lakini utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka mitano Iringa wamedumaa, na kitaifa ni 30. Mahindi tunayo. Kinachokosekana sahanini ni maharage, dagaa, mboga na mafuta. Siku za ugali sageni dona, msikoboe, ila msage ya wiki moja tu kwa sababu dona huchacha haraka.

Baba Tumaini: Na nishati? Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 300 zilipewa mwisho wa kuni na mkaa Januari 31, 2025.

Dada Rehema (lishe): Ndiyo maana maharage yalowekwe tangu jioni, kwa muda wa saa 10 hadi 12. Huku juu maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo maharage yanachelewa kuiva kuliko pwani. Mkipika bila kuloweka mtalipia gesi ya saa nzima bure. Yaliyokaa zaidi ya msimu mmoja hata yakilowekwa yanaweza kubaki magumu, kwa hiyo ya zamani yatangulie kupikwa.

Baba Elisha: Sisi wa bajaji na vibarua wa siku hatuna shamba wala mshahara wa mwisho wa mwezi.

Mama Neema (katibu): Mmefikiriwa, Baba Elisha. Fedha ya wapishi, nishati, chumvi, mafuta na kusaga tunapendekeza 100 kwa siku, yaani 500 kwa wiki. Ukisubiri mwezi ni 2,000, na ukiwa na watoto watatu ni 6,000 kwa mkupuo, ndipo watu wanapokwama. Lipa kila Ijumaa, akaunti ya shule, chukua risiti. Isipite kwenye simu ya mtu, hata yangu. Asiye na mahindi atoe thamani yake kwa bei ya Agosti, kwa awamu. Aliyekwama kabisa atoe nusu siku ya Jumamosi kupepeta na kuchambua nafaka.

Mwalimu Mstaafu: Na liandikwe kwenye muhtasari: mchango ni hiari, na hakuna mtoto atakayetolewa kwenye foleni ya sahani kwa sababu ya mzazi wake. Majina ya wanaodaiwa yasiwekwe humu. Katibu ampigie mhusika.

Baba Tumaini: Stoo iwe na kufuli mbili, funguo moja kwa mwalimu wa zamu, nyingine kwa mzazi. Mahudhurio yahesabiwe saa 2 asubuhi ndipo mahindi yapimwe. Wakifika 580 yatoke kilo 69.6, siyo 77. Kila Ijumaa picha ya ukurasa wa daftari iwekwe humu: yaliyoingia, yaliyotoka, yaliyobaki.

Baba Elisha: Kikao kianze saa 10 jioni basi, siyo saa 4 asubuhi. Saa 4 wote tuko barabarani.

Mama Neema (katibu): Saa 10 jioni. Mizani nani anayo?

Mama Imani (nafaka): Ninayo ya kilo 100. Baba Elisha, ipitie dukani saa 9, na chupa ya chumvi nitakupa.