Kwa nini hedifoni za Bluetooth hukatika ufukweni lakini dukani hazikatiki?

Mkazi wa Chikongola
Ndugu wanajukwaa, salaam. Nina duka dogo hapa Chikongola, Mtwara, ambamo simu moja huhudumia hedifoni zangu, spika ya kwenye rafu na printa ndogo ya kutolea risiti, vyote bila waya. Ndani ya duka sauti haisumbui, hata nikiiacha simu kaunta na kuingia stoo, nyuma ya ukuta wa matofali. Linalonishangaza ni kwamba jioni nikienda kutembea ufukweni Shangani, mahali peupe pasipo ukuta wala nguzo, hedifoni hizo hizo huanza kukatika, ingawa simu imo katika mfuko wa nyuma wa suruali yangu. Nilitarajia kinyume chake. Naomba anayeufahamu utaalamu huu anieleze sababu, na aniambie pia iwapo Bluetooth hula bando, maana mdogo wangu anashikilia kwamba hula.

Kijana wa Ligula
Shikamoo kaka. Bando haliguswi. Ukisikiliza muziki wa mtandaoni, kinachotumia bando ni simu kuuvuta wimbo kutoka kwenye mnara, wala si safari ya sauti kutoka simu hadi sikioni. Kuhusu kukatika, nadhani ni msongamano, kwa kuwa Bluetooth hutumia masafa ya gigahezi 2.4, ambayo hutumiwa pia na Wi-Fi nyingi.

Fundi Redio, Lindi
Kuhusu bando kijana amesema kweli, ila kuhusu msongamano sikubaliani naye. Kama Wi-Fi za watu ndizo zingekuwa chanzo, hedifoni zingekatika Chikongola, penye nyumba zilizobanana, kabla ya kukatika Shangani. Isitoshe, Bluetooth iliundwa ili istahimili msongamano: mfumo wake wa kawaida, ambao ndio unaobeba muziki katika hedifoni nyingi, umeyagawa masafa hayo katika njia 79, na simu pamoja na hedifoni huhama kutoka njia moja hadi nyingine mara 1,600 kwa sekunde, kwa mpangilio ambao vifaa hivyo viwili vinaufuata kwa pamoja. Tangu toleo la 1.2 la mwaka 2003, vifaa vinaweza pia kuzitambua njia zenye vurugu na kuziepuka.

Kinachozuia mawimbi ni mwili wako mwenyewe. Sehemu kubwa ya mwili wa binadamu ni maji, na maji huyafyonza sana mawimbi ya gigahezi 2.4. Simu ikiwa mfuko wa nyuma, kiwiliwili chote husimama kati yake na sikio, na nguvu inayorushwa ni ndogo mno, kwani vifaa vya daraja la pili, ambavyo ni vingi sana, havizidi miliwati 2.5 na vimekusudiwa kufika takriban meta 10. Dukani mwili huzuia vilevile, lakini mawimbi hugonga kuta, dari na rafu, yakarudi na kulifikia sikio kwa kuzunguka. Ufukweni hakuna cha kuyarudisha isipokuwa ardhi. Yaliyoelekea baharini yamekwenda zake. Kwa hiyo ukuta wa stoo unaoudhania kuwa kizuizi hupunguza mawimbi kidogo tu, na zile kuta nyingine zinakufaa kuliko unavyofikiri.

Weka simu mfuko wa shati. Ikiwa hedifoni zako ni za vipande viwili vilivyoachana, chunguza pia ni sikio lipi linalokatika kwanza, kwa sababu katika aina nyingi kipande kimoja ndicho kinachopokea kutoka kwenye simu, kisha humpasia mwenzake.

Mkazi wa Chikongola
Ahsante sana, fundi. Simu ikiwa mfuko wa shati, sauti inatulia hata upepo wa kusi ukivuma. Nina mambo mawili yaliyobaki: nikipigiwa simu, sauti hufifia kuliko ya muziki, na printa huikataa simu yangu kila binti yangu anapofunga hesabu kwa simu yake.

Mwalimu wa Mikindani
Kaka yangu, muziki huenda upande mmoja tu, kwa hiyo nafasi yote hutumika kwa ubora. Mazungumzo huhitaji sauti iende na irudi kupitia maikrofoni, na hapo hedifoni hubadilisha utaratibu na kutumia sauti iliyobanwa zaidi. Kampuni ya Ericsson ilipoanza kazi hii nchini Sweden mwaka 1994, lengo lilikuwa kuondoa waya kati ya simu na vifaa vyake. Muziki wa stereo ulipata utaratibu wake baadaye.

Ama printa, katika mfumo wa kawaida kifaa kiongozi kinaweza kuhudumia vingine hadi 7 kwa wakati mmoja, na kwako kiongozi ni simu. Printa nyingi ndogo, kinyume chake, hukubali simu moja tu. Binti azime Bluetooth ya simu yake amalizapo hesabu, ndipo yako iunganishwe. Na kama namba ya siri ya printa bado ni 0000 au 1234, ibadilishe ikiwa printa inaruhusu, kwa kuwa hata jirani wa duka la pili anaweza kuibahatisha.