Matibabu bure kwa wazee: kumwona daktari bure, dawa kanunue. Hii kasma (fungu la bajeti) ya msamaha iko wapi?

Wakuu, heshima kwenu. Mods naomba msiunganishe uzi huu na ule wa mafao ya wastaafu. Hapa namzungumzia mzee aliyelima na kuvua maisha yake yote, hajawahi kuona salary slip, na sasa ana presha.

Kila Oktoba 1, Siku ya Wazee Duniani, hotuba ni ileile: wenye miaka 60 na kuendelea wanatibiwa bure. Kwenye karatasi ni kweli kwa wasio na uwezo wa kulipa, tangu Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya 2003. Sasa nijibiwe swali moja tu: huo msamaha analipa nani?

Halipi mtu. Mgonjwa wa bima akitibiwa, kituo kinadai mfuko. Wa taslimu anaacha hela dirishani. Hela hizo mbili ndizo zinazoziba pengo la dawa na vitendanishi (kemikali za vipimo vya maabara) pale mgao wa serikali unapopungua. Mzee wa msamaha anaandikwa kwenye rejista, gharama yake inawekwa safu ya misamaha, imeisha hiyo. Mwisho wa mwezi hakuna ankara inayokwenda popote. Kwa hiyo kituo kinachohudumia wazee wengi ndicho kinachokauka mapema, halafu tunamlaumu mganga mfawidhi kwamba hana utu.

Tupige hesabu, maana hapa ndipo watu wanapopigwa chenga. Kituo cha afya chenye wazee 120 wanaotumia amlodipine, dawa ya presha, ya miligramu 5, kidonge 1 kwa siku. Ni vidonge 3,600 kwa siku 30, na 10,800 kwa miezi 3. Dawa inaletwa pungufu, inakaa siku 40, inaisha. Ndani ya siku hizo 40 vimetoka vidonge 2,400 tu, kwa sababu dispensa, yaani mgawa dawa, anawabania: badala ya kumpa mzee 30 anampa 10, "rudi wiki ijayo". Siku 50 zilizobaki, rafu tupu. Ukifika wakati wa kuagiza, matumizi yanasomeka 2,400 kwa siku 90, na oda inayofuata inapangwa kwa hiyo 2,400. Kituo kimejipunguzia dawa chenyewe kwa kalamu yake!

Kanuni ya kurekebisha ipo na kila aliyepitia semina ya ugavi anaijua: chukua matumizi, zidisha kwa siku zote za kipindi, gawanya kwa siku dawa ilipokuwepo. 2,400 × 90 ÷ 40 = 5,400. Na hiyo 5,400 bado ni nusu ya mahitaji, kwa kuwa haijahesabu zile dozi za kubaniwa. Oda ya haki inatoka kwenye idadi ya wagonjwa waliosajiliwa, kichwa kwa kichwa. Ila hiyo inataka rejista ya kliniki ya presha na sukari inayojazwa kila mahudhurio, na vituo vingi rejista hiyo ni daftari la mistari lililochanika jalada.

Upande wa mzee: vidonge 10, nauli ya bodaboda kwenda na kurudi mara tatu kwa mwezi. Mara ya pili anaenda, mara ya tatu anasema kichwa hakiumi, anaacha. Presha haiumi, ndiyo ubaya wake. Akipooza upande mmoja, kitanda cha hospitali ya rufaa ya mkoa kinapatikana, drip inapatikana, na binti yake anaacha genge lake kumgeuza kila baada ya saa 2 asipate vidonda vya mgongo. Kidonge kimoja kwa siku tulishindwa.

Na hata hiyo presha yenyewe tunapima ovyo. Mzee katembea, kafika, kabla hajakaa vizuri mkanda umeshafungwa juu ya mkono wa koti, miguu inaning'inia, muuguzi anamuuliza jina la balozi huku mashine inajaa upepo. Inasoma 170, anaongezewa dozi. Utaratibu ni huu: akae dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo zote chini, mkono wazi umelala mezani usawa wa moyo, asiongee. Mkanda uwe saizi yake. Ukiwa mdogo kwa mkono mnene unasoma juu kuliko hali halisi. Kisha asimame, apimwe tena. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, huyo ukimwongezea dozi atakwenda kuanguka chooni usiku, avunjike nyonga. Kupima mara ya pili hakuna gharama yoyote, ni uvivu wetu tu.

WHO walishatoa mwongozo wa uchunguzi wa wazee ngazi ya chini, na huu ni Muongo wa Kuzeeka kwa Afya, 2021 hadi 2030. Vifaa vyake: kiti kisicho na mikono, saa, mizani, chati ya macho. Mzee ainuke na kukaa mara 5 bila kushika popote, mikono kifuani. Ikizidi sekunde 14, miguu imeanza kudhoofika na anahitaji mazoezi. Mpe maneno matatu akariri, mwulize baadaye kama anayakumbuka. Mwulize kama kapungua zaidi ya kilo 3 ndani ya miezi 3. Mnong'oneze, uone kama anasikia. Macho nayo mpime kwa chati: mtoto wa jicho anatolewa kwa ganzi ya jicho tu, na mtu anarudi kupepeta mchele wake mwenyewe. Lakini aonwe kwanza! Mtoto mchanga ana kadi ya kliniki na mizani ya kuning'inia chini ya mwembe. Bibi yake ana bango ukutani.

Hela ya mkononi nayo tusijidanganye. Zanzibar walianza Pensheni Jamii Aprili 2016, miaka 70 na kuendelea, shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye ikapandishwa. Kenya wana Inua Jamii, shilingi 2,000 zao kwa mwezi kwa wa 70+. Bara tuna TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, nayo inaangalia kaya maskini. Umri peke yake haukuingizi.

NYONGEZA: Naona mnasema tusubiri, sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 itamaliza haya. Sawa, ila ulizeni mambo mawili. Mchango wa mzee asiye na kipato unatoka chungu gani, na unafika kituoni kila mwezi au mpaka hela ipatikane? Na kitita chake, yaani orodha ya huduma zinazolipiwa, kina dawa za presha na sukari za siku 30 bila kukatwa, miwani ya kusomea, na fimbo? Wenye madiwani humu, bajeti ya halmashauri ikija mezani mwambieni afungue ukurasa wa afya, atafute msamaha wa wazee umetengewa shilingi ngapi, na apige picha ukurasa huo. Mtuwekee hapa.