Tupeane uzoefu: mlemavu kwenye mashindano ya televisheni, nani aseme kwamba anateswa?

Mwana wa Temeke:

Wakuu, heshima kwenu. Wiki hii kwenye magrupu ya WhatsApp kimerudi kuzunguka kile kipande cha dada wa Kimarekani mwenye mguu wa bandia anayejaribu kuvuka boriti nyembamba. Anaanguka, anarudi mwanzo, anaanguka tena, wenzake wameshamtangulia. Chini yake maneno ni yale yale: watu wa televisheni hawana utu, wanamdhalilisha mlemavu ili wapate watazamaji, serikali yao iko wapi. Grupu letu la mtaa lilikesha na hasira.

Yule dada anaitwa Noelle Lambert, na shindano ni Survivor ya mwaka 2022, lile la televisheni ya Marekani la kuishi kisiwani. Alipoteza mguu kwa ajali mwaka 2016, akarudi michezoni, na kabla ya kuingia Survivor alishakimbia mita 100 kwenye Paralimpiki za Tokyo. Kipande kinachozunguka kimekatwa pabaya. Kwenye kipindi chenyewe anaivuka ile boriti, anawafikia waliomtangulia, anashinda. Tumekesha tukimlilia mshindi.

Nina kaka mwenye ulemavu wa miguu tangu utotoni, na kilichoniuma ni kwamba katika maneno yote yale sikuona mtu aliyejiuliza yule dada mwenyewe alitaka nini. Naomba mliowahi kushiriki chochote, iwe cha televisheni, bonanza la kazini au usaili wa vipaji, mtuambie yaliyowakuta. Wazazi na ndugu karibuni pia. Matusi hapana.

Fundi Mbagala:

Mkuu, umenigusa penyewe. Mguu wangu wa kulia ulikatwa chini ya goti baada ya ajali ya bodaboda Barabara ya Kilwa. Kazi yangu ni kuchomelea, mageti nabeba mwenyewe. Kampuni niliyokuwa nayo wakati huo ilifanya bonanza ufukweni Kigamboni, na kukawa na watu wa kamera wanaorekodi kwa ajili ya kipindi. Nikajiandikisha kuvuta kamba.

Wasiojua niwaeleze. Mguu bandia mchangani unazama, unajipinda. Na kwa joto la Dar kigutu kinatoka jasho mpaka soksi inateleza ndani ya kikombe, ukilazimisha unachubuka na wiki nzima huvai mguu. Hayo nayajua kuliko mtu yeyote aliyekuwepo pale, kwa hiyo nilishapanga: navua mguu, nakaa mwisho wa kamba, inapita kiunoni, kisigino cha mguu mzima nakichimbia chini. Mtaani kwetu ndivyo tunavyovuta na timu yetu haisogezwi kirahisi. Nimeshavua, nimekaa, najipangusa kwa taulo, nikamsikia MC kwenye spika: "Ndugu yetu huyu jamani tumwonee huruma, apumzike, zawadi yake atapata." Watu wakapiga makofi. Timu ikavuta bila mimi, ikaburuzwa.

Nikapewa fulana na ndoo. Baadaye mmoja wa waandaaji akaja kuniambia kwa upole kabisa kwamba waliogopa picha zangu nimevua mguu zikirushwa watashambuliwa mitandaoni. Yaani watu wasionijua, ambao hata hawakuwa wamekasirika bado, ndio walionitoa kwenye timu. Ile fulana sikuivaa.

Binti wa Singeli:

Mimi ni kiziwi, nimesoma shule ya viziwi Buguruni. Nawashukuru kwa kuandika, maana kwenye maandishi tuko sawa wote.

Nilikwenda usaili wa kucheza. Kaka yangu alikuja kunitafsiria. Jaji mmoja akamtazama kaka, hakunitazama mimi, akamuuliza: "Sasa huyu atachezaje na muziki hausikii?" Kaka akanigeuzia swali, nikajibu kwa mikono: shusheni spika moja sakafuni, nivue viatu. Jukwaa lilikuwa la mbao, na mbao ni nzuri sana, besi inapanda kutoka nyayo mpaka kifuani. Singeli na kasi yake yote naihesabu kwa hiyo. Walinipa muda mfupi, nikacheza, watu waliokuwa foleni wakasogea kutazama. Jaji akasema nimejitahidi, ila wakinipandisha kwenye luninga watu watasema wanautumia ulemavu wangu.

Mwaka 2021 kule Uingereza Rose Ayling-Ellis, kiziwi kama mimi, alishinda Strictly Come Dancing, shindano la dansi la televisheni. Kuna mahali kwenye dansi yake na Giovanni Pernice muziki unazimwa kabisa, wao wanaendelea kucheza kimya kimya, halafu unarudi na wako palepale kwenye mapigo. Hawakumpunguzia mashindano. Walimwekea mkalimani. Na 2024 akashinda Chris McCausland, asiyeona, akicheza na Dianne Buswell. Sasa nauliza, hao nao walionewa?

Kitimwendo Ilala:

Nitasema tofauti kidogo, mnivumilie. Hasira nyingine ni halali.

Nilialikwa kwenye mchezo mmoja wa televisheni, ule wa kulenga mipira na kujibu maswali. Kwa simu niliwauliza kama kuna ngazi. Wakasema usijali kaka, kila kitu kimepangwa. Nimefika, jukwaa lina ngazi, njia ya mteremko hakuna. Vijana wanne wakaninyanyua na kiti changu, mmoja kashika gurudumu, na gurudumu linazunguka, kwa hiyo nikainamia upande nusura nidondoke. Kamera ilikuwa inarekodi. Nikadhani wataikata sehemu ile. Hawakuikata, waliifanya ndiyo mwanzo wa kipindi, na muziki wa huzuni juu yake. Mchezo nilicheza vizuri, nililenga kuliko wote. Mwisho mtangazaji akanikabidhi mchele na mafuta ya kula ambavyo hakupewa mshiriki mwingine yeyote.

Kilipoonyeshwa, watu walichachamaa. Kisa? Eti kwa nini mlemavu arushishwe mipira! Ile ya kubebwa juujuu walisema imewagusa moyo. Mipira ndiyo kitu pekee nilichokifurahia siku ile.

Tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na inazungumzia majengo na huduma za umma kufikika. Mwenye hasira aanzie pale kwenye ngazi.

Mwana wa Temeke:

Kaka, pole sana. Na asante kwa kupinga, uzi ulikuwa unahitaji hilo.

Mpiga Picha Mikocheni:

Kaka wa kitimwendo ameniuma, kwa sababu niko upande wa pili wa kamera. Mezani huwa tunaambiwa "tafuta hisia". Mshiriki akiwa na mkongojo, tunaambiwa tuvute karibu mkongojo. Akicheka, picha inaachwa. Akifuta jasho, inachukuliwa, maana kwenye kuhariri jasho linageuzwa machozi. Siku moja mshiriki asiyeona alinizuia. Alisikia nilikosimama kwa mlio wa viatu, akaniuliza, "Mbona uko chini sana, unapiga fimbo au unanipiga mimi?" Nikapandisha kamera. Tangu siku ile nazungumza na mshiriki kabla ya kuwasha chochote, na wengi wana majibu yao tayari: hiki piga, hiki acha.

Kofia Pana:

Mimi nina ualbino. Naomba watu watenganishe ugumu na madhara. Ugumu naupenda, nimekimbia, nimeogelea, nimepanda nguzo. Jua la saa saba ufukweni ni kitu kingine, hilo halinipi ujasiri, linanipa saratani ya ngozi.

Kwenye mchujo mmoja wa shindano la vijana nilipangiwa kundi la mchana. Nikaomba kundi la asubuhi, nikaambiwa hapa hakuna upendeleo, asiyeweza arudi kwao. Nikarudi. Mwaka uliofuata waandaaji wengine kabisa walinipigia kabla, wakaniuliza nahitaji nini. Nikasema: saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ruhusa ya kuvaa kofia na mikono mirefu, na alama za njia ziwe kubwa maana macho yangu hayaoni mbali. Losheni ninayo, ile Kilisun inayotengenezwa Moshi. Wakakubali vyote. Umbali ulikuwa uleule, vizuizi vilevile. Nilimaliza katikati ya kundi, na hakuna aliyenipa pole. Nilifurahi mno.

Mzee wa Uwanjani:

Nilikuwepo Uwanja wa Benjamin Mkapa mwaka 2021, Dar ilipoandaa mashindano ya Afrika ya soka la wenye ulemavu wa viungo. Tembo Warriors, timu yetu ya taifa, wakafuzu Kombe la Dunia lililochezwa Uturuki 2022. Mchezo ule ni mgumu, msidanganyane. Wachezaji wote isipokuwa kipa wanakimbia kwa magongo na mguu mmoja, mguu bandia hauruhusiwi, na kipa ni mwenye mkono mmoja. Wanagongana, wanaanguka kifudifudi, wanainuka wenyewe. Jukwaani watu walipiga vuvuzela na kumlaani refa kama kawaida ya mpira. Sikusikia hata mmoja akisema wanateswa. Wana kocha, wana daktari pembeni, wana kanuni zilizotungwa na watu wanaoujua mwili ule. Mtu akiwa na vitu hivyo huruma yako haihitaji.

Dada wa Tandika:

Samahani naingia na shida yangu. Mdogo wangu wa kiume, mkono mmoja hauna nguvu tangu kuzaliwa, amepigiwa simu na shindano la televisheni la kuishi porini. Ana furaha hajalala. Mama analia, anasema wanataka kumfanya kichekesho. Mimi niko katikati. Tufanyeje?

Kitimwendo Ilala:

Dada, kwanza mjibu mama kwa heshima, hofu yake ina sababu. Halafu dogo mwenyewe, si wewe, awapigie waandaaji na awaulize: michezo ni ipi, kuna kuogelea, kuna kupanda kamba? Ataruhusiwa kutumia kifaa chake? Akisema hapa sitaki, atatolewa au ataendelea? Daktari yupo palepale au hospitali iko mbali kiasi gani? Majibu wayaweke kwenye mkataba. Mimi niliambiwa kwa simu, mkayaona yaliyonipata.

Fundi Mbagala:

Aongeze moja: wamwonyeshe vizuizi kabla ya siku yenyewe, avijaribu kwa mkono wake. Dada wa Kimarekani Sarah Reinertsen alipoingia The Amazing Race, shindano la televisheni la mbio za kuzunguka dunia, mwaka 2006 na mguu wa bandia, mwenzake wa timu alikuwa fundi wa kutengeneza miguu hiyo, na Sarah mwenyewe akapanda Ukuta Mkuu wa China kwa kamba. Dogo akitaka mtu wa kumtengenezea ndoano au mkanda wa kushikia, aje gereji kwangu Mbagala Rangi Tatu, jioni yoyote. Tutapima, tutachomelea, ajaribu hapohapo. Mama naye aje aone.

Dada wa Tandika:

Tunakuja Jumamosi. Mama amesema atakuja, ila bado amenuna.