Rangi ya bafuni inayofanana na maji, nimekosea mara mbili, mnachaguaje?

bafu_dogo:
Habari za leo wadau. Niseme mapema, nikisema rangi ya maji simaanishi ile rangi ya maji ya fundi anayoichanganya kwenye ndoo, namaanisha rangi yenye sura ya maji yenyewe, ile ukiiangalia huwezi kusema moja kwa moja ni bluu au ni kijani, kama bahari pale ufukweni maji yanapopita juu ya mchanga mweupe. Hiyo ndo naitaka bafuni na nimeshaikosa mara mbili. Ya kwanza kwenye kadi ya rangi ya dukani ilikuwa imepoa vizuri kabisa, nikapaka kuta zote, ikatoka samawati ya chumba cha mtoto mchanga. Ya pili nikaogopa bluu nikakimbilia kijani, sasa kila asubuhi nikisimama kwenye kioo naona sura ya mtu anayeumwa. Mke wangu anasema nipake nyeupe yaishe, lakini jamani ile rangi naipenda na najua ipo, nimeiona kwenye nyumba za watu. Bafu lenyewe dogo, mita 2 kwa moja na nusu. Naombeni msaada kabla sijanunua kopo la tatu.

rola_na_brashi:
Pole sana mkuu. Mimi kazi yangu ni kupaka na hilo kosa nakutana nalo karibu kila bafu, mtu anachagua rangi aliyoipenda kwenye kadi. Kile kipande ni kidogo kama vidole viwili na kimezungukwa na karatasi nyeupe, lazima kionekane kimepoa. Ukiipeleka kwenye kuta nne zilizokaribiana mwanga unatoka ukuta huu unagonga ule unarudi tena huku, na kila ukigonga unabeba rangi kidogo, mwisho kitu kinakolea kuliko ulivyodhani. Sebule kubwa haikuonyeshi sana, bafu la mita 2 linakuonyesha siku hiyohiyo.

Kwaiyo ile inayofaa, kwenye kadi inatakiwa ikuchoshe kidogo. Uiangalie useme mbona hii kama kijivu tu. Ukifika hapo umekaribia.

Alafu ujue maji yanapata wapi rangi yake, itakusaidia kuchagua. Maji ya kwenye glasi hayana rangi, yakiwa mengi ndo yanameza wekundu wa mwanga kidogokidogo, unabaki ubluu. Ule ufukwe unaousema unang'aa vile kwa sababu maji hayajawa na kina na mchanga chini unarudisha mwanga juu. Maana yake weupe ndo mwingi, rangi ni pazia jembamba tu juu yake. Na kopo lako liwe hivyo, msingi mweupe, bluu kidogo, kijani kidogo, na nyeusi au kahawia tone. Watu wanaikataa ile nyeusi dukani wakiiona inaingia, lakini ndo inayotuliza. Ukiitoa inabaki pipi.

Kadi nyingi nyuma zina namba ya kiasi cha mwanga kinachorudishwa, imeandikwa LRV, 0 ni nyeusi kabisa na 100 ni nyeupe kabisa. Kwa bafu dogo mimi nisingeshuka chini ya 65. Ukifika 80 na zaidi rangi inapotea, unabaki na nyeupe iliyochafuka.

taa_kwanza:
Fundi kaongea vizuri ila mi naona tunawahi. Mkuu hujatuambia dirisha liko wapi, balbu ni ya aina gani, na taili ni za rangi gani. Rangi hizi za kati ya bluu na kijani ndo zinageuka kuliko zote, ukuta uleule mchana ni bluu usiku ni kijani, hujabadilisha kitu zaidi ya kuwasha taa.

bafu_dogo:
Dirisha lipo dogo juu karibu na dari, linaangalia ukuta wa jirani, mwanga unaingia lakini si wa kusomea. Taa tunawasha hata mchana. Wakati napaka ile ya kwanza kulikuwa na balbu nyeupe kali imeandikwa 6500K, ikaungua, nikaweka ya njano 2700K na ndo ipo mpaka sasa na hii kijani. Taili zimefika nusu ya ukuta na sizibandui, ni krimu, sinki na choo ni nyeupe.

taa_kwanza:
Aisee hapo ndo kwenye jibu lako. Balbu ya 6500K mwanga wake wenyewe una ubluu, ukaimwagia rangi ya bluu, lazima iwe chumba cha mtoto. Ya 2700K ni ya njano, na njano juu ya kijani inazidi kuivuta kuelekea majani, alafu ule mwanga unatoka ukutani unakupiga usoni, ndo hiyo sura ya ugonjwa unayoiona kwenye kioo. Inawezekana kabisa rangi zako zote mbili hazikuwa mbaya kiasi hicho ila kila moja ilikutana na taa isiyo yake. Kwaiyo chagua taa kwanza, uifunge, uizoee, ndo uchague rangi chini ya taa hiyohiyo. Kwa bafu lisilo na mwanga wa nje ningeweka kati ya 3000K na 4000K, na kwenye boksi tafuta CRI 90 kwenda juu, hiyo inaonyesha taa inatoa rangi za vitu kwa uaminifu kiasi gani, zile za chini zinaua rangi laini hata ukichagua vizuri namna gani.

Na taili krimu usizidharau. Rangi mbili zikikaa pamoja kila moja inaisukuma mwenzake. Kuna mkemia Mfaransa anaitwa Chevreul, karne ya 19 alikuwa anasimamia upakaji rangi wa nyuzi kwenye karakana ya Gobelins kule Paris, watu wakawa wanalalamika rangi nyeusi ni hafifu, akachunguza akakuta nyeusi haina shida, shida ni rangi zilizofumwa kando yake. Ndo hicho kinakusubiri. Ukiweka bluu safi juu ya krimu, krimu itaonekana njano, na njano bafuni inaonekana uchafu hata ukisugua kutwa. Inabidi rangi yako iegemee kijani kidogo na iwe na ukijivu wenye joto, ule wa kahawia, usiwe wa nyeusi tupu.

rola_na_brashi:
Hapo kwenye kahawia nakuunga mkono, mi nilijibu kabla sijajua taili. Kwa krimu naacha nyeusi natumia kahawia.

mama_wa_kuta_safi:
Mimi nawaza tofauti na nyie, mnaongea rangi tu. Bafuni paka semi-glosi, ile inayong'aa kiasi, au rangi ya mafuta uwe na uhakika, mi nilipaka isiyong'aa nikapata fangasi dari nzima madoa meusi, nikafuta nikapaka tena yakarudi.

rola_na_brashi:
Dada fangasi hawaletwi na kutong'aa, wanaletwa na unyevu usiokauka. Kama mvuke hauna pa kutokea wanaota hata juu ya glosi, na ukipaka rangi juu yao bila kuwaua wanarudi palepale. Safisha kwa dawa ya madoa, suuza, acha ikauke kabisa, na weka feni ya kuvuta hewa au acha mlango na dirisha wazi baada ya kuoga. Lakini sikukatalii moja kwa moja, isiyong'aa kabisa ni ngumu kufuta matone. Tatizo langu na glosi kwa hii kazi ni kwamba inarudisha taa kama kioo, unaona alama ya balbu ukutani na kila kovu la plasta, ule upole wote unaondoka. Katikati kuna ile ya mng'ao hafifu kama ganda la yai, inafutika na inatulia. Hiyo ndo ningempakia mkuu, alafu dari rangi ileile iliyoongezwa nyeupe nyingi, asiache dari nyeupe tupu maana inakata chumba kama kifuniko.

mama_wa_kuta_safi:
Sawa, hilo la mvuke nalikubali, feni sina.

taa_kwanza:
Mkuu usijaribie tena ukutani, ile kijani iliyopo itakudanganya. Chukua kadibodi ngumu nyeupe kubwa, paka mikono miwili, yaani mara mbili, acha ukingo mweupe pembeni, uzisogeze, moja kando ya kioo, moja uiguse taili kabisa, uangalie asubuhi na usiku. Na usiamue ikiwa mbichi, rangi ikikauka inabadilika.

bafu_dogo:
Nimerudi baada ya siku nne. Nimeweka balbu ya 3000K yenye CRI 90, na hata ile kijani ya zamani imepungua makali, sikutegemea. Nimepaka kadibodi tatu. Ya kwanza LRV 62 ilikuwa nzuri sana peke yake ila nilipoigusisha kwenye taili, taili zikageuka njano palepale, yaani kama mlivyosema. Ya pili 78, usiku haipo, ni nyeupe tu. Ya tatu ni 70, mchana inakuja na ukijivu, usiku inaegemea kijani kidogo kama maji kwenye kivuli, na kwenye kioo sura yangu iko sawa. Nikamwita mke wangu sikumwambia ipi ni ipi wala ninataka ipi, akakaa pale mlangoni muda, akaishika ya tatu akaenda nayo mpaka kwenye sinki, akasema hii ndo ulikuwa unaitafuta siku zote? Sijaongea kitu, nimefurahi mno. Jumamosi napiga msasa.

rola_na_brashi:
Safi sana mkuu. Anza na prima nyeupe, ile ya kutangulia chini ya rangi, mikono miwili kama ile kijani bado inachungulia, maana rangi nyepesi hivi haifuniki, chini ikiwa kijani na juu itakuwa kijani. Na kama kuna sehemu umeziba kwa saruji mpya iache wiki nne kabla ya kupaka, alkali yake inaharibu rangi. Ukimaliza msioge humo kwa maji ya moto siku kadhaa, mvuke ukiwahi unatoa michirizi ya kahawia inayonata kwenye rangi mpya. Ikikutokea usiogope ukadhani rangi imeharibika, ifute kwa kitambaa laini na maji, inaweza kurudi mara moja au mbili alafu inaisha yenyewe.